Mshale uko kwenye H, maji yako nyuzi 71: pima kwanza kabla hujakubali kufunguliwa silinda hedi

#1. Landrova ya Mkonge (Makorora, Tanga)

Waungwana, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimehangaika na jambo hili miezi minne, na hapa mtaani kwetu nawafahamu watu wawili waliofunguliwa injini kwa sababu ya mshale tu.

Gari langu ni Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya 2.25. Lilikuwa la marehemu baba, alilichukua kwenye mnada wa shamba la mkonge. Wenzangu wa Tanga mnajua gari lililotoka shambani limeshafanya kazi gani, lakini injini hii haijawahi kutuangusha.

Tatizo lilianza hivi. Asubuhi nikiwasha, mshale wa joto unapanda taratibu kama kawaida. Nikifika Pongwe umeshapita katikati, na kabla ya Muheza umelala karibu na H (upande wa moto; C ni baridi). Nasimama, nafungua boneti: hakuna mvuke, hakuna harufu, feni inazunguka vizuri, maji kwenye rejeta hayajapungua hata kidogo. Nasubiri nusu saa, naondoka, na hadithi inaanza upya.

Fundi wa kwanza akasema rejeta imeziba. Ikasafishwa, mshale haukubadilika, nikanunua nyingine. Fundi wa pili akatoa themostati (kile kilango kinachofungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto) akaitupa, akisema kwa joto la Tanga haina kazi. Mshale ukachelewa kidogo kupanda, kisha ukafika palepale. Wa tatu akasema hiyo ni gasketi ya silinda hedi (karatasi ya kuzibia chini ya kifuniko kikubwa cha juu ya injini), ifunguliwe, hedi ipelekwe ikachongwe. Nikaanza kutafuta hela.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani yetu ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye gereji za mashamba. Nilipokwenda kumuuliza kuhusu bei ya kuchonga hedi, hakunijibu bei. Aliniuliza, "Mwanangu, maji umeyapima, au umeusoma mshale?"

Nilikuwa sijayapima. Hata fundi mmoja kati ya wale watatu hakuyapima.

Nikanunua ile mita ya manjano ya bei nafuu wanayotumia mafundi redio, lakini hakikisha ni ile inayokuja na waya mwembamba wa kupimia joto, maana zipo zinazofanana nayo zisizokuwa nao. Ncha ya ule waya nikaibana kwenye nyumba ya themostati, pale maji yanapotoka kwenye injini kwenda juu ya rejeta. Juu yake nikaweka kitambaa kilichokunjwa, nikafunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli ili upepo wa feni usiifikie. Waya nikaupitisha pembeni ya boneti mpaka kwa mdogo wangu aliyekaa kiti cha kushoto na mita mapajani.

Tukaenda Pongwe na kurudi. Mshale ulipokuwa karibu na H, mdogo wangu akasoma: 71. Nikasimama, nikaiangalia mwenyewe. 71. Chuma cha nje huwa pungufu kuliko maji ya ndani kwa nyuzi chache, basi sema maji yalikuwa 75. Injini isiyo na themostati, 75 ndiyo yake. Injini ilikuwa baridi kuliko inavyotakiwa, na mimi nilikuwa nataka kuifungua kwa kuchemka.

Hapo ndipo nilipoanza kulitafuta kosa kwenye njia ya umeme, na nataka niieleze njia hiyo kwa sababu ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Kwenye gari la zamani kuna sensa iliyofungwa kwenye silinda hedi, imezama ndani ya maji. Ndani yake kuna kitu ambacho ukinzani wake unapungua kadiri kinavyopata joto. Umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwenye geji (saa yenye mshale), unashuka kwa waya mmoja hadi kwenye sensa, halafu unaingia ethi, yaani njia ya kurudi hasi ya betri, kupitia mwili wa injini. Maji yakiwa baridi umeme unapita kidogo, mshale unakaa C. Yakipata moto umeme unapita mwingi, mshale unapanda. Basi. Kwa hiyo mshale unaweza kudanganya kwa sababu ya sensa, ya waya, ya ethi, ya geji yenyewe, au ya umeme unaoilisha geji.

Nilichomoa waya wa sensa, swichi ikiwa imewashwa. Mshale ukarudi C. Hiyo ilinihakikishia waya haujachubuka na kugusa bodi njiani. Ungekuwa umegusa, mshale ungekwenda H mara tu unapofungua swichi, injini ikiwa bado baridi, na kuchomoa sensa kusingeushusha.

Kisha nikaitoa sensa (injini ikiwa imepoa kabisa, msije mkaungua) nikaipeleka jikoni. Sufuria ya maji, sensa nimeining'iniza kwa waya isiguse chini, mita upande wa omu (kipimo cha ukinzani). Ikiwa baridi ilisoma mamia ya omu. Maji yalipochemka ilishuka hadi makumi, ikishuka polepole bila kuruka. Sensa nzima.

Sasa nikawa nimebaki na geji na umeme wake. Na hapa naomba msome taratibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalo machoni tangu mwanzo na sikuliona.

Mwezi mmoja kabla ya haya yote niliishiwa mafuta nimeshapita Segera naelekea Korogwe, geji ya mafuta ikionyesha robo. Nikadhani boya la kwenye tangi limechoka. Sikuyaunganisha mambo haya mawili. Halafu usiku mmoja narudi kutoka Muheza, nikawasha taa kubwa, mshale wa joto ukashuka kidogo. Nikazima, ukapanda. Nikawasha tena, ukashuka. Maji hayawezi kupoa kwa kuwashiwa taa.

Kwenye Land Rover hizi, na magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo, geji ya joto na geji ya mafuta zinalishwa na kidude kimoja nyuma ya dashibodi, stabilaiza. Kazi yake ni kuzipa geji volti 10 muda wote, hata betri iwe na 12 au altaneta isukume 14. Ile ya asili ndani yake ina kibati cha metali mbili chenye waya uliozungushiwa. Kinapata joto, kinapinda, kinakata umeme, kinapoa, kinarudisha, mara nyingi mfululizo, na wastani wake ndio hizo volti 10. Ili kipate joto hicho kibati, mwili wa stabilaiza lazima uwe na ethi. Ikikosa ethi, kibati hakipati joto, hakikati kitu, na geji zote mbili zinapokea umeme wote wa gari. Zote mbili zinasoma juu. Joto linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na mafuta yanaonekana mengi kuliko yaliyomo. Ukiwasha taa, volti za gari zinapungua kidogo, na mishale yote inashuka.

Nikafungua dashibodi. Skurubu inayoishika stabilaiza ilikuwa inazunguka kwa kidole, na chini yake kutu ya rangi ya kahawa kama unga. Mwaka jana nilifungiwa redio, dashibodi ikatolewa ikarudishwa, nadhani skurubu hiyo ilibaki nusu. Nikasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikaibana. Nikaweka balbu ndogo ya kupimia kwenye tundu la kutolea umeme: kabla ya kusafisha ilikuwa inawaka moja kwa moja, sasa ikawa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nilikaa pale chini ya usukani naiangalia ile balbu kwa muda mrefu.

Nimerudisha themostati ya nyuzi 82. Mshale sasa unasimama katikati, na nimekwenda nao Korogwe na kurudi bila kusogea. Rejeta mpya ninayo, ya zamani nimeitunza.

Mwenye gari la zamani ambaye mshale wake haumweleweshi, aandike hapa, tutazame pamoja.

#2. Dereva wa Muheza

Mkuu, ahsante sana kwa uzi. Mimi langu ni kinyume chako. Nina Corolla AE100. Mshale hauinuki kabisa, umelala chini ya C asubuhi mpaka jioni. Fundi amebadilisha sensa, mpya, hakuna kitu. Naogopa siku litachemka kweli nami sijui. Hilo nalo ni stabilaiza?

#3. Fundi Nyaya (Chumbageni)

Naomba nimjibu ndugu yangu wa Muheza, mimi kazi yangu ni umeme wa magari.

Kwanza nampongeza mleta uzi. Hiyo dalili ya geji mbili kusoma juu kwa pamoja ningependa kila mwenye gari la Kiingereza la zamani aijue. Naongeza moja: stabilaiza ya asili imeandikwa upande wa juu, ikifungwa kichwa chini inasoma vibaya hata kama ni nzima. Ikifa kabisa usihangaike kutafuta ya zamani, kuna chipu ya 7810, fundi redio yeyote anaijua, inatoa volti 10 zilizotulia. Ila nayo inataka ethi safi.

Sasa Corolla. Hiyo haina stabilaiza ya namna hiyo, ondoa wazo. Kwenye injini yako kuna sensa mbili za joto karibu karibu. Yenye waya mmoja ndiyo ya geji. Yenye nyaya mbili inaipa habari kompyuta ya injini. Nimeshaletewa magari mengi yaliyobadilishwa ile ya nyaya mbili wakati geji ndiyo inayosumbua. Na kinyume chake pia: gari linatoa moshi mweusi, linakunywa mafuta, linasumbua kuwaka, wakaguse ile ya waya mmoja kwa sababu imeandikwa joto. Ya nyaya mbili ikifa, mshale kwenye dashibodi unabaki sawa. Kwa hiyo muulize fundi wako alibadilisha ipi.

Kama ni ya waya mmoja, chomoa huo waya, fungua swichi, kisha uguse ethi ya injini kupitia balbu ndogo ya kupimia, kwa sekunde mbili tu. Usiugusishe moja kwa moja ukauacha, geji nyingine zinaungua. Na kwa magari mapya ambayo geji inaendeshwa na kompyuta, jaribio hili usilifanye kabisa. Kwa AE100, mshale ukiinuka, geji na waya ni vizima, kosa liko kwenye sensa au ethi yake. Usipoinuka, fuata waya kurudi kwenye dashibodi.

Halafu angalia hili, na ndilo ninaloliona zaidi: sensa yako mpya imefungwa na tepu nyeupe ya mabomba? Ile sensa haina waya wa ethi, ethi yake ni nyuzi zake zenyewe, zile za skurubu, zinapobana kwenye chuma cha injini. Ukiizungushia tepu raundi nyingi umeitenga na injini. Maji hayavuji, lakini umeme nao haupiti.

Na kama injini ilishawahi kushushwa, tafuta ule waya mnene unaounganisha injini na bodi. Mara nyingi hausahauliki ila hurudishwa juu ya rangi au kutu. Dalili yake ni mshale kuruka unapowasha indiketa, na kebo ya pedali ya mafuta kupata moto unapopiga starta kwa muda.

#4. Mzoefu wa Safari

Hapo kwa themostati nakataa, wakuu. Mimi nina miaka na magari, nikinunua gari kitu cha kwanza natoa themostati. Ukanda wa pwani huu, ya nini? Ile ni ya kwa wazungu wenye theluji.

#5. Fundi Nyaya

Kaka yangu, nakuheshimu lakini hapa nakupinga waziwazi, kwa sababu nimeona hasara yake.

Themostati haipo kwa ajili ya theluji, ipo ili injini ifike joto lake haraka na ibaki hapo. Injini inayotembea na nyuzi 60 au 70 inachoma petroli zaidi, oili yake haikauki unyevu, ndiyo ule ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili watu wanaudhania gasketi, na silinda zinalika. Zaidi ya hapo, injini nyingi za Toyota themostati ikifunguka huwa inaziba pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mlima, gari lisilo na themostati linaweza kuchemka kabla ya lenye nayo.

Halafu kwa uzi wetu huu: ukishaitoa, huwezi tena kujua mshale wako unasema kweli au la. Mshale uko chini kwa sababu maji ni baridi, au kwa sababu sensa imekufa? Umejifungia mlango mwenyewe.

#6. Soni Baridi

Salamu kutoka milimani, shikamooni wakubwa. Nina jambo dogo kwa wanaofanya jaribio la sufuria.

Tanga mjini maji yanachemka nyuzi 100 kwa sababu mko usawa wa bahari. Lushoto tuko kama mita 1,400 juu, huku yanachemka karibu nyuzi 95. Mtu akichemsha sensa jikoni kwake Lushoto akaweka alama akaiita 100, amejidanganya nyuzi 5.

Ndiyo sababu pia kizibo cha rejeta kina maana kubwa huku. Kizibo cha 0.9 (kinachoshika mgandamizo wa ba 0.9) kikiwa kizima, maji tupu usawa wa bahari hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Kikilegea mpira, unapanda kutoka Mombo, unafika Soni maji yanatoka kwa mvuke, na mshale bado uko chini ya nyekundu. Hapo dereva anasema geji ni mbovu, kumbe geji imesema kweli na kizibo ndicho kibovu. Nimeona hivyo kwenye kona hizi mara nyingi, gari limesimama pembeni na dereva anamwaga maji baridi kwenye injini ya moto. Msifanye hivyo, hedi inapasuka. Na kizibo msikifungue likiwa moto.

#7. Landrova ya Mkonge

Marahaba ndugu yangu wa Soni, hilo la mwinuko sikulifikiria, nashukuru.

Kwa kuwa mmegusa sufuria, nieleze nilichofanya baada ya kumaliza matengenezo, kimenisaidia sana. Niliirudisha sensa kwenye sufuria, lakini safari hii nikaileta sufuria kando ya gari na jiko la mkaa. Waya wa sensa nikaurefusha, na mwili wa sensa nikaufunga kwa waya wenye vibanio hadi kwenye hasi ya betri. Ncha ya kupimia joto ndani ya maji pamoja na sensa. Mdogo wangu anasema "70", mimi ndani naweka alama ndogo ya kalamu kwenye kioo cha geji mshale ulipo. "80", alama. "90", alama. Yalipochemka, alama. Mpeni mshale dakika nzima kila mnapofika namba, geji hizi za kupinda kwa joto ni nzito kuamka.

Sasa sisomi tena N wala H. Najua katikati kwangu ni 84.

Wenye Toyota za miaka ya 90 mjue pia geji zenu nyingi zimetengenezwa zitulie. Mshale ukishafika chini kidogo ya nusu unakaa hapo hata maji yakitembea kutoka 80 hivi hadi kukaribia 100. Kwa hiyo mshale wa Toyota ukiona umeanza kuvuka nusu, usiseme "bado haijafika nyekundu". Simama.

#8. Mama wa Duka, Ngamiani

Samahanini kaka zangu, mimi si fundi, nina Noah ya biashara. Zile bunduki za kupimia joto zilizokuwa milangoni wakati wa Corona, zinafaa? Ninayo moja dukani.

#9. Fundi Nyaya

Hapana dada yangu, hizo ni za mwili wa mtu, zikifika nyuzi 42 au 43 zinaandika kosa. Ziko za viwandani zenye umbo hilohilo zinazofika mamia ya nyuzi. Ukipata moja, usiielekeze kwenye alumini inayong'aa, itasoma chini kuliko ukweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye nyumba ya themostati, elekeza hapo, karibu.

Na lingine kwako kwa sababu ni gari la biashara: maji yakipungua sana, sensa inabaki hewani, haiguswi na maji. Hapo mshale unashuka wakati injini inaungua. Mwambie dereva wako, mshale ukipanda halafu ukaanguka ghafla, asifurahi, azime injini.

#10. Dereva wa Muheza

Wakuu, nimerudi na majibu.

Sensa aliyobadilisha ilikuwa sahihi, ya waya mmoja. Nikafanya jaribio la balbu, mshale ukainuka. Nikasubiri injini ipoe usiku mzima, leo asubuhi nimeifungua. Ilikuwa imezungushiwa tepu nyeupe mpaka nyuzi hazionekani, nimehesabu raundi saba wakati naifungua. Nikaisafisha yote kwa brashi ya waya, nikairudisha kavu, nikaibana taratibu, haivuji. Nikatoa hewa kwenye rejeta, nikajaza kulanti.

Nimekwenda mpaka Tanga mjini na kurudi. Mshale umepanda ukasimama chini kidogo ya nusu. Nimefunga waya wa kupimia joto kama mleta uzi alivyoeleza, na kitambaa na utepe wa tyubu, umesoma 86 pale Mkanyageni na 87 nilipofika nyumbani.

Ile sensa ya zamani nilikuwa sijaitupa. Nimeichemsha, ni nzima.